Kidato cha Nne kwa Jembe na Ngoma

Jumatano, 1 Novemba

Mvua ya kwanza imenyesha. Kidogo. Imelowesha vumbi, ikaondoka kama mgeni aliyekosea nyumba.

Mzee Mwigulu, mwenyekiti wa chama chetu cha msingi cha pamba, amepita ghalani asubuhi. Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba, akakaa juu ya mizani. Mtu akikaa juu ya mizani yangu, ana habari mbaya. Akasema lile agizo lililonong'onwa tangu mwaka juzi limetoka juu rasmi: karani wa mizani lazima awe na cheti cha kidato cha nne. Bodi itaamua matokeo ya mtihani wa mwezi huu yakitoka, mwezi wa kwanza. Nikamwambia nimepima pamba ya kijiji hiki tangu enzi za mizani ya mawe. Akasema anajua. Hata yale mawe hayakuwa na cheti, ndiyo maana yameondolewa.

Anayeitaka kazi ni Boaz. Boaz anachaji simu za watu kwenye kibanda karibu na mnada. Cheti chake cha kidato cha nne amekitia plastiki na kukitundika juu ya betri. Daraja la nne, pointi thelathini na tatu. Huwezi kuchomeka simu bila kukisoma.

Kazi si kitu. Nimeshalima, nimeshachimba, naweza kulima tena. Shida ni nyumba. Nyumba ya karani iko nyuma ya ghala, na anayeondoka kazini anaondoka na godoro lake. Marehemu mke wangu Asteria aliukandika ukuta wa jiko kwa mikono yake. Alama za viganja ziko pale chini, karibu na mafiga, mahali alipokuwa amechuchumaa. Cha kushoto kimezama zaidi. Alikuwa anatumia kushoto kwa kila kitu, hata kupunga mkono. Wiki iliyopita Boaz alikuja, akasimama jikoni, akatazama juu na chini, akasema jiko hili atalivunja ajenge la tofali. Nikamkaribisha chai.

Lakini mimi si mtu wa kulala. Mtihani wa maarifa, ule unaowafungulia mlango watu wasiosoma sekondari, nilishaupita. Nimesajiliwa kama mtahiniwa wa kujitegemea. Jioni nasoma kwa Mwalimu Melania pamoja na shemeji yangu Paskalina, mdogo wake Asteria. Leo nimemwomba mwalimu anieleze upya, kinaganaga, ni nini hasa kinachotakiwa ili mtu apewe cheti. Akasema masomo saba, na katika hayo angalau D mbili au C moja. Chini ya hapo ni sifuri. Nikauliza kama uzoefu wa mizani unahesabika kuwa somo. Hapana. Nikauliza kama kufiwa kunahesabika. Akaniambia nifungue sura ya moyo.

Mtihani unaanza tarehe kumi na tatu!

Alhamisi, 2 Novemba

Nimesoma sura ya moyo mpaka ugali ukapoa. Nikalala. Nimeamka, moyo hakuna. Mapafu hakuna. Limebaki neno moja, osmosisi, nalo limebaki kwa sababu linafanana na jina la mtu.

Nikaenda kisimani. Njiani nikajikuta naimba wimbo wa kulimia niliotunga mwaka ule wa viwavi. Beti zote! Majina ya wote walioliwa mahindi, kwa mfuatano wa nyumba zao. Sijawahi kuuandika. Sijawahi kuusoma. Nikatua ndoo. Akili yangu haikai kichwani, inakaa kwenye jembe!

Mimi ndiye ningi wa kikundi chetu cha kulima. Ningi anatunga na kutangulia, wengine wanaitikia, majembe yanashuka pamoja. Leo shamba la huyu, kesho la yule, na mwenye shamba anapika. Sisi ni Bagika. Ng'ambo ya korongo wapo Bagalu, wapinzani wetu wa ngoma tangu enzi za babu zetu, na ningi wao ni, nani mwingine, Boaz. Sheria yetu ni moja: ningi akitupa mstari, hauachwi hewani. Uwe umemkasirikia, uwe na ugali mdomoni, utaitikia. Mstari usioitikiwa ni mkosi kwa shamba zima. Asteria ndiye aliyekuwa wa kwanza kuitikia, wakati mwingine kabla sijamaliza. Siku hizi kiitikio kinachelewa kidogo. Majembe hayatambui.

Mpango basi. Kidato cha nne chote kiwe wimbo! Nitalima, nitaimba, nitafaulu. Boaz abaki na betri zake.

Ijumaa, 3 Novemba

Tumelima kwa Mama Jilala, jirani yangu. Nimeanza na osmosisi. Nimeitunga kwa Kiingereza, kwa sababu mtihani hautaki Kiswahili ila siku ya Kiswahili chenyewe. Mstari wa kwanza nimeutupa mimi. Wakaitikia, kwa sababu sheria ni sheria, ila sauti zilikuwa kama za watu wanaomeza dawa.

Mama Jilala akasimamisha jembe. Akataka kujua huyo Osmosisi ni mtu wa ukoo gani. Nikaeleza si mtu, ni tabia ya maji: yanatoka yalipo mengi, yanakwenda yalipo machache. Akatazama shamba lake. Akasema basi huyo Osmosisi hajawahi kufika Shinyanga.

Wakacheka mpaka ngoma ikapoteza hesabu. Paskalina alicheka kuliko wote. Amesema, shemeji, kitabu hakina miguu, hakikukimbii, kwa nini usikikalie tu ukakisoma? Nikamjibu kusoma ni kwa wasio na mpango.

Lakini jioni, wakati wa kula michembe ya viazi vikavu na karanga, Mama Jilala alikuwa anaosha jembe huku akiimba osmosisi peke yake. Bila kosa. Kwa Kiingereza! Nimerudi nyumbani nikiwa mtu mkubwa.

Jumamosi, 4 Novemba

Historia leo, kwenye shamba la kando ya korongo. Ubeti wa mkutano wa Berlin umeleta mgogoro. Mama Jilala ameuliza inawezekanaje watu wakae chumbani wagawane mashamba ambayo hawajatembea mipaka yake, na shahidi alikuwa nani. Nikasema hakukuwa na shahidi. Akasema hata baraza la kitongoji lisingekubali. Imebidi tupumzike.

Katika kupumzika huko nikamwona Boaz ng'ambo ya pili. Bagalu walikuwa wanalima shamba la mkabala. Amesimama, mkono sikioni, anasikiliza. Nikatupa ubeti wa moyo kwa nguvu, ili aumie: moyo una vyumba vinne, viwili juu, viwili chini. Watu wangu wakaitikia. Vizuri tu, si vibaya.

Baada ya chakula Boaz akajibu. Ngoma yao ni ya ngozi mpya. Akaimba kwamba moyo una vyumba vitatu: cha baba, cha mama na cha wageni! Kwa Kiingereza! Damu inaingia kwa wageni kwanza, inakaa, inanywa maji, ndipo inaruhusiwa kwa baba. Na ule mdundo! Lazima niandike ukweli hapa, maana ni kitabu changu: mdundo ulikuwa mtamu. Unaanza chini, unapanda, unakatika mahali ambapo jembe lenyewe linataka kukatika.

Mpaka jua linazama watu wangu mwenyewe walikuwa wanaimba cha wageni. Paskalina pia! Nikamwuliza kama hana haya. Akasema mdomo hauna chama.

Nimemjua Boaz. Anataka kuniharibia kichwa kabla ya mtihani. Hujuma!

Jumatatu, 6 Novemba

Nimeamka na vyumba vitatu. Nimepiga mswaki na vyumba vitatu. Watoto wanaoenda shule wamepita nyuma ya ghala wakiimba cha wageni, cha wageni.

Nikatumia akili. Ghala limejaa nini? Pamba! Nikaziba masikio yote mawili, vizuri, kama mtu anayejaza mto. Dunia ikanyamaza. Nikakaa mlangoni nikijiimbia vyumba vinne kimoyomoyo. Nilifaidi sana.

Kumbe Mzee Mwigulu alikuwa amesimama nyuma yangu na wajumbe wawili wa bodi. Ameniita mara kadhaa. Sikugeuka. Sikumwamkia. Mtu mzima wa umri ule, mwenyekiti, na mimi nimekaa nimempa mgongo, natikisa kichwa! Alipokuja mbele nikaruka, nikatoa shikamoo, lakini kwa kuwa sikujisikia sauti yangu nilipiga kelele kama namfukuza ng'ombe. Mjumbe mmoja akarudi nyuma.

Nikachomoa pamba. Mzee Mwigulu akaitazama. Akaniuliza kwa upole kama ni ya daraja la kwanza au la pili. Nikasema la kwanza. Akasema hasara.

Nasikia jioni alipita kwa Boaz kuchaji simu na Boaz alimwamkia kabla hajafika.

Jumatano, 8 Novemba

Nimetunga upya wimbo wa moyo. Vyumba vinne, mdundo wa haraka, na vigelegele katikati. Nikaupeleka shambani kwa matumaini. Wameitikia mara mbili. Mara ya tatu Mama Jilala akaniita pembeni, akaniambia mwanangu Onesmo, hatusemi wimbo wako ni mbaya. Unachosha kiuno tu. Cha wageni kinalima chenyewe.

Nikasema cha wageni ni uongo. Akasema hata ule wa fisi aliyeoa ni uongo na tumeulimia miaka yote.

Ikapigwa kura, kwa majembe. Anayetaka vinne ainue jembe. Nikainua. Mpiga ngoma akanihurumia akainua kijiti chake.

Hiyo ndiyo demokrasia. Iko katika somo la Uraia, nadhani.

Alhamisi, 9 Novemba

Mwalimu Melania amesikia. Kijiji kizima kimesikia. Hakunigombeza. Aliniuliza mtihani ni lini, nikasema Jumatatu. Akaniuliza masomo mangapi nimeyatungia nyimbo. Nikahesabu: Biolojia, Historia, Jiografia, na Kiingereza kidogo. Hisabati nimemwachia Mungu. Akauliza na Uraia? Nikasema nimejaribu, katiba haina mdundo. Na Kiswahili? Kikundi kimekataa, wanasema hawawezi kuchosha mgongo kwa ajili ya lugha ya bure ya redioni.

Akanipa vitabu vya masomo hayo mawili. Akaniamuru kukaa hapo hapo, kwenye benchi la jikoni kwake, kusoma kimya mpaka wali uive. Kesho hivyo hivyo na keshokutwa hivyo hivyo. Nikasoma tu, kama mtu asiye na mpango. Nimepoteza siku. Wali ulikuwa mzuri.

Asteria alikuwa akipika wali anaweka jani la mchaichai juu ya mfuniko. Si ndani, juu. Sikuwahi kumwuliza kwa nini.

Jumapili, 12 Novemba

Tumefika Runzewe, kwenye kituo cha mtihani. Tumefikia kwa dada yake Mwalimu Melania, mimi chumba cha magunia, Paskalina chumba cha watoto. Paskalina anasoma. Nikamwuliza anasoma nini wakati yote tumeyaimba. Akaniomba nimwachie taa.

Kabla hatujaondoka Boaz alikuja stendi. Alinishika mkono kwa mikono miwili, akanitakia mema, akaniambia Karani, usisahau ule wa moyo. Ule wa moyo! Ana uso wa kusema hivyo mbele za watu!

Nimemjibu wabeja, asante ya kwetu. Sitamfundisha adabu leo.

Jumatatu, 13 Novemba

Uraia. Chumba kimya kama kanisa siku ya Jumanne. Msimamizi wetu anaitwa Madam Scolastika, mama mnene mwenye viatu visivyolia. Amesoma masharti: hakuna simu, hakuna kugeuka, hakuna kuzungumza. Kuimba hakukutajwa.

Sikuwa na wimbo wowote wa Uraia. Nikaandika tu. Maswali yalikuwa yale ya benchi la jikoni. Hakuna cha kusimulia.

Jumanne, 14 Novemba

Kiswahili asubuhi. Sikuwa na wimbo. Nikaandika. Insha ilikuwa juu ya faida za ushirika. Niliwaeleza juu ya mizani.

Jiografia mchana. Hapo sasa! Nina beti saba za Jiografia! Nikafumba macho, nikasubiri zije. Hazikuja. Nimegundua tatizo: mikono imetulia. Wimbo wangu unaanzia kwenye mabega. Nikajaribu kuinua mabega kidogo. Madam Scolastika akaja akauliza kama naumwa. Nikajaribu kukanyaga chini kwa kisigino. Akarudi akauliza kama nataka kwenda nje. Nikapata ubeti mmoja, wa upepo, kumbe swali la upepo halikuwepo.

Alhamisi, 16 Novemba

Jana Historia. Hivyo hivyo. Mabega, Madam, bure. Leo nilikuwa na Biolojia, ngome yangu.

Naandika polepole, nataka yakae sawa.

Swali la nne: taja vyumba vya moyo wa binadamu na kazi ya kila kimoja. Nikatabasamu. Kisha nikasikia kichwani vitatu, na vinne, vinagombana kama mbuzi mlangoni. Mikono imetulia, siwezi kuamua. Na kalamu yangu iko juu.

Hapo dirishani wakaanza kulima.

Shamba la shule liko ukutani kabisa mwa kile chumba. Vibarua walikuwa wamepumzika, wakarudi. Majembe yakashuka pamoja. Pu. Pu. Pu. Sikuona kitu tena. Niliona udongo mwekundu na migongo. Mabega yangu yakainuka yenyewe, na mdomo wangu, naapa sikuutuma, ukatupa mstari: Moyo una vyumba vingapi, e, vingapi? Kwa Kiingereza, kwa sauti ya shambani!

Sekunde moja ya kimya. Nikafikiri nimepona.

Safu ya nyuma Paskalina akaitikia. Sauti nzima, kutoka tumboni: Vitatu, e, cha baba, cha mama!

Na nje ya dirisha vibarua, watu nisiowajua kabisa, wakamalizia: Cha wageniii!

Hata huku umefika, wimbo wa Boaz.

Madam Scolastika hakupiga kelele. Alikuja, akasimama kati yetu, akachukua karatasi yangu na karatasi ya Paskalina, akatupeleka kwa msimamizi mkuu, mzee mmoja mwenye miwani iliyofungwa uzi. Akamweleza: mmoja ameuliza swali la mtihani kwa sauti, mwingine amelijibu. Udanganyifu. Kwa udanganyifu mtu anafutiwa masomo yote. Yote saba. Sikufikiria cheti wala Boaz. Nilifikiria kile kiganja cha kushoto na nyundo.

Nikasema kosa ni langu, mtoto huyu aachwe. Paskalina akasema yeye si mtoto, na kwamba hakukusudia, ila ningi wake katupa mstari, angefanyaje? Auache hewani?

Mzee wa miwani akauliza ningi ni nini. Madam Scolastika, ambaye kumbe ni mzaliwa wa Maswa, akaanza kumweleza. Alieleza kwa urefu. Alionyesha na mikono. Alipofika kwenye mkosi wa mstari usioitikiwa, akamgeukia Paskalina, akamwuliza kwa Kisukuma ni Bagika au Bagalu. Paskalina akasema Bagika. Madam akasema, mm.

Kisha mzee akafungua karatasi. Ya Paskalina ilikuwa na vyumba vinne, vyote na kazi zake, na mchoro. Akamwuliza mbona ameimba vitatu. Paskalina akasema mdomo umeitikia, mkono umeandika, kila mmoja na kazi yake. Akafungua yangu. Nilikuwa nimeshaandika, kalamu ilishuka pamoja na kiitikio: vitatu. Cha tatu nilikiita cha wageni.

Mzee alivua miwani. Akasema kwa miaka yote aliyosimamia mitihani hajawahi kuona watu wakipeana jibu la uongo, tena kwa kwaya. Hapa hakuna aliyesaidiwa. Aliyepokea msaada ndiye aliyezama. Akasema ataandika kelele, si udanganyifu, na wakubwa wataamua wenyewe. Nikamaliza mtihani stoo, kati ya madawati mabovu, mlango wazi, Madam Scolastika akiwa amekaa mbele yangu.

Wakati natoka aliniuliza, chini chini, ubeti wa pili wa ule wimbo unaendaje.

Jumamosi, 25 Novemba

Mitihani imekwisha. Nimerudi kijijini. Kitu cha kwanza, nimekwenda kibandani kwa Boaz, kumwambia yaliyo moyoni, vyumba vyote. Nilijiandaa njia nzima.

Nikamwambia ameniharibia maisha kwa makusudi. Nikamweleza chumba cha wageni kimenifikisha wapi. Boaz akaniangalia kama mtu aliyepigwa na mlango. Akachomoa simu ya mtu, akaichomeka tena. Akasema Karani, mimi nilikuwa nakusaidia! Alivyosikia natunga alifurahi, akajiambia kumbe na yeye anayo elimu, ampe mwenzake. Vyumba vitatu ndivyo alivyoandika yeye mwaka wake. Kwa mkono wake. Na si cheti walimpa? Akanionyesha plastiki juu ya betri.

Cheti kilikuwepo pale.

Akaongeza kwamba mkewe hataki jiko la tofali, anasema linabana moshi. Sijui kwa nini aliniambia hilo. Nilikunywa soda yake nikaondoka.

Siamini hata neno moja. Mtu huyu ni hatari kuliko nilivyodhani.

Alhamisi, 25 Januari

Matokeo! Mwalimu Melania ameyafungua kwenye simu yake, nyuma ya ghala, mimi na Paskalina tumemzunguka kama kuku. Hayakufutwa!

Paskalina daraja la pili. Alikaa chini palepale, kwenye vumbi, na gauni la kanisani, akafunika uso. Dada yake angepiga kelele mpaka mnadani.

Mimi: Biolojia F. Historia F. Jiografia F. Kiingereza F. Hisabati F, Mungu naye ana kazi nyingi. Uraia D. Kiswahili D.

D mbili! Daraja la nne, pointi thelathini na tatu, sawasawa na Boaz, hakuna aliyezidi hata unyasi! Na mwenye uzoefu wa mizani ni mimi. Mzee Mwigulu amenishika mkono. Kazi ni yangu. Nyumba ni yangu. Nimeingia jikoni nikakaa kidogo karibu na mafiga. Sikuwasha moto.

Mwalimu Melania amenitaka niangalie vizuri masomo niliyopata na masomo niliyokosa, nimwambie naona nini. Nimeangalia vizuri. Naona ngoma yetu ni mbovu. Ngozi imelegea, haishiki maarifa. Nilimweleza hivyo. Aliomba maji ya kunywa.

Ijumaa, 2 Februari

Kikao cha bodi ya chama. Kimenithibitisha mbele ya wanachama wote. Wamepiga makofi. Boaz amepiga makofi kuliko wengine, na hilo ndilo lililonitia mashaka. Mtu hapigi makofi hivyo bure. Anajipanga. Cheti chake na changu ni ndugu pacha. Mwakani agizo jingine likija, atarudi na futi ya kupimia.

Nikaamua kumfungia mlango kabisa. Katika mengineyo nikanyoosha mkono. Nikasema, kwa heshima ya chama, dunia imebadilika, mizani ni ya kidijitali, kidato cha nne hakitoshi tena. Nikapendekeza iwe kanuni yetu wenyewe: karani wa mizani awe na cheti cha kidato cha sita.

Nikamtazama Boaz. Uso ulimshuka! Wajumbe wakanong'onezana. Mzee Mwigulu akaniuliza mara mbili kama nina hakika na ninachokisema. Nikasema nina hakika. Akaniuliza kama nimelala vizuri. Nikasema sana. Likapita bila kupingwa, likaandikwa: anayeshika kazi sasa apewe miaka miwili, asipokuwa na cheti hicho kazi na nyumba vitangazwe upya.

Paskalina alikuwa dirishani. Alishika kichwa kwa mikono miwili, sijui kwa nini.

Boaz kidato cha sita hana! Mimi pia sina, ila mimi nimeshaagiza ngozi mpya ya ngoma. Ya fahali.